Aliyefumba Macho Wakati wa Sala

Kila asubuhi, kabla biskuti hazijagawiwa, Akaiti alishuka ngamani, chini kabisa ndani ya mtumbwi, kufua maji. Chombo chao kiliitwa Maroro. Kilikuwa mitumbwi miwili mirefu iliyofungwa pamoja kwa kamba, juu yake sitaha ya mbao na matanga mawili, na hakuna mtumbwi usiovuja. Akaiti alichota maji kwa upo, kata ya kufulia maji, akayamwaga nje upande wa chini ya upepo, akainama tena, hata mgongo ukamwuma kama wa mtu mzima. Kisha alipanda juu, akanawa uso kwa maji ya chumvi na kujiunga na wenzake katika sala ya asubuhi. Baada ya amina walipata biskuti ngumu, kipande cha gimbi la kuchemsha, na maji ya kunywa nusu kikombe.

Mwanzo wa safari kilikuwa kikombe kizima. Lakini dhoruba iliwakuta walipokuwa wameiacha Rarotonga kidogo tu. Wimbi moja lilivuka sitaha likazoa madumu mengi ya maji kama mtu anayeondoa vyombo mezani. Redio ikaingia chumvi, ikanyamaza. Mashua ya injini iliyokuwa ikiwafuata kwa nyuma haikuonekana tena. Wakabaki wao na bahari, na kichwa cha Mama Tekura.

Mama Tekura alikuwa rubani, yaani mwonyesha njia. Alikaa tezi, nyuma kabisa, juu ya ubao uliofungwa kwa kamba, na hakutumia dira wala ramani. Njia yote ya kutoka Rarotonga hadi Manihiki aliibeba kichwani: nyota zilizochomoza na zilizozama, mawimbi makuu yanatoka wapi, chombo kilikwenda mbio kiasi gani tangu jana. Alilala usingizi wa paka, jicho moja ndani na jicho moja nje. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimwuliza swali la kipuuzi alikutazama mpaka ukalisahau.

Sasa walikuwa wamekaribia usawa wa Manihiki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Manihiki haina mlima. Ni kisiwa cha matumbawe kilicholala juu ya maji kama sahani, na ukikipitia mbali kidogo, hukioni. Unaendelea na bahari tupu mpaka maji yakuishie. Kwa hiyo rubani huwategemea ndege. Kuna ndege mmoja mweupe, mdogo, anayeitwa kakaia. Asubuhi hutoka nchi kavu kwenda kuvua, na asubuhi huwezi kumfuata, maana huenda popote penye samaki. Lakini jioni haendi popote ila kwake.

Ndiyo maana kila jioni mtu mmoja hupewa zamu ya macho. Na kwa kuwa saa ya ndege kurudi ndiyo saa ya sala ya jioni, mabaharia wana desturi yao. Sala inapoanza, wote huinamisha vichwa na kufumba macho, hata rubani, hata mshika kafi la usukani. Mwenye zamu peke yake haruhusiwi kufumba. Husimama omo, mbele, ameshika kamba ya mlingoti, na kuzungusha macho upeo wote wa bahari. Macho yake ndiyo sala yake. Baada ya amina rubani humwuliza, "Umeona nini?" Naye hujibu alichoona. Kama hakuona kitu husema, "Sikuona," na hilo pia ni jibu, wala mtu hachekwi kwa sababu yake.

Hivyo ndivyo desturi isemavyo. Lakini Akaiti alikuwa akichekwa hata kabla hajajibu.

Sababu yake ilikuwa baba yake, Teokotai. Zamani kidogo, katika safari nyingine, Teokotai alikuwa na zamu ya macho, akasema ameona wingu limesimama juu ya nchi kavu. Wakalifuata. Halikuwa wingu la nchi kavu. Chombo kilipotea, watu wakanywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tanga, mpaka meli ya mizigo ikawaokota. Kaka wa baharia mmoja aitwaye Ngarima alikuwamo chomboni humo. Figo zake hazikupona, na tangu hapo hajapanda chombo. Teokotai naye hakuchukuliwa tena na mtu. Alirudi kwao Manihiki kupiga mbizi za lulu, na watu walipotaka kumtukana mtu asiyeona vizuri, walisema ana macho ya Teokotai.

Na Ngarima huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa Maroro.

Hakutaka Akaiti apande. Alisema hivyo gatini Rarotonga, mbele ya watu, msichana mwenyewe akiwa amesimama na mkoba wake. Mama Tekura ndiye aliyeshikilia. Alikuwa amemjaribu Akaiti ufukweni, akaona kwamba anamtambua ndege kwa mapigo ya mabawa tu, kabla wengine hawajajua kama ni ndege au ni povu. Kabla ya kung'oa nanga alimwita pembeni na kumwambia, "Fanya zamu zako vizuri. Tukifika Manihiki salama, nitasema na wazee baba yako arudishwe chomboni." Akaiti aliyabeba maneno hayo kama mtu aliyebeba yai mkononi.

Miongoni mwa wasichana wa chombo alikuwamo pia Tepaeru, binti wa Ngarima, mwenye miaka kumi na minne, mmoja zaidi ya Akaiti. Walilala bega kwa bega chini ya turubai moja, lakini Tepaeru alimpa mgongo tangu siku ya kwanza. Akaiti akisogea, yeye anasogea. Akaiti akisahau kitu, chombo kizima kitajua. Asubuhi hiyo, walipokuwa wakinywa maji, Tepaeru aliwauliza wenzake kwa upole, kama anayetaka kujua kweli, kama ni vema mtu wa ukoo fulani kupewa nusu kikombe sawa na wengine, ilhali ukoo huo unajulikana kwa kuwanywesha watu mvua. Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

Akaiti alirudi ngamani, ingawa zamu yake ya kufua maji ilikuwa imekwisha.

Jioni ikafika. Zamu ya macho ilikuwa yake. Alisimama omo, akashika kamba, upepo ukimpiga mgongoni. Ngarima alianza kuomba kwa sauti yake nzito. Alishukuru kwa siku iliyopita, akaombea maji yaliyobaki, akawaombea wagonjwa nyumbani.

"Na utuepushe, Bwana," akasema, "na macho yanayodanganya. Wewe unajua tulivyoteswa na macho ya mtu mmoja. Usikubali tuteswe na uzao wake."

Baadhi ya watu wakaitikia amina, polepole, kama watu wanaokubaliana jambo sokoni.

Akaiti alihisi uso wake ukiwaka. Kumsema mtu ni jambo moja. Kumsemea kwa Mungu, wakati yeye hana ruhusa hata ya kuinamisha kichwa, ni jambo lingine. Machozi yalipanda. Alijua Tepaeru akiyaona atayapigia kelele mpaka Manihiki. Basi alifumba macho ayazuie. Alitaka kuyafumba kidogo tu. Lakini kilio hakizuiliki kwa mara moja, naye aliendelea kufumba, meno yameumana, mpaka aliposikia amina ya mwisho. Alipofumbua, jua lilikuwa limezama na bahari imekuwa ya kijivu. Saa ya ndege ilikuwa imepita.

"Umeona nini?" Mama Tekura aliuliza kutoka tezi.

Wote walimgeukia. Jibu lilikuwapo, neno moja tu. Lakini alimwona Ngarima amekunja mikono, anangoja. Akamsikia Tepaeru akinong'ona, si kwa sauti ndogo sana, "Atasema ameona nazi inaruka."

"Kakaia wawili," Akaiti alisema.

Mama Tekura akauliza, "Wamekwenda wapi?"

Akanyoosha mkono upande wa kushoto, jua lilikozama, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga.

"Juu au chini?"

"Chini, karibu na maji."

"Walinyoosha, au walikuwa wanazungukazunguka?"

"Walinyoosha."

Uongo mmoja hausimami peke yake; kila swali la Mama Tekura lilidai nguzo nyingine, na Akaiti alizisimika moja baada ya moja huku akishangaa jinsi zilivyokuja kwa urahisi. Hakuna aliyeweza kumpinga. Wote walikuwa wamefumba macho mbele za Mungu.

Mama Tekura aliitikia kwa kichwa, akaamuru omo ugeuzwe magharibi. Matanga yakajaa, chombo kikateleza na upepo. Kisha alipasua dafu lililokuwa fungu lake mwenyewe, akampelekea Akaiti nusu. Akaiti aliinywa yote, kwa sababu kuikataa kungehitaji maelezo. Hakuwahi kunywa kitu kichungu kama kile.

Asubuhi hapakuwa na kisiwa. Hapakuwa na ndege hata mmoja, wala jani lililoelea. Walikimbia na upepo mpaka jua likasimama utosini, na mbele yao palikuwa ni maji na maji.

Mama Tekura alikuwa amebadilika. Alishuka kutoka kwenye ubao wake, akalala chali juu ya sitaha, mikono imetandazwa, asikilize mawimbi kwa mgongo. Alikaa hivyo kitambo. Alipoinuka alimwambia mshika kafi, naye Akaiti akasikia, kwamba mgongo wake unasema wanaiacha nchi, lakini ndege wamesema wanaifuata. "Ndege hajawahi kunikosea," alisema. "Basi ni mimi. Labda nimezeeka, au ni huu ukosefu wa usingizi."

Ngarima alikuwa akingoja neno kama hilo. Alisema mbele ya wote kwamba rubani asiyeamini mgongo wake hafai kukaa tezi. Alisema ashuke, akalale. Yeye atashika chombo na kuendelea na upepo huo huo magharibi, usiku na mchana, mpaka watakapopata nchi yoyote, iwe ya nani. Mabaharia wawili watatu wakamwunga mkono. Mwingine akasema huko magharibi hakuna kitu ila bahari, na maji yaliyobaki hayafiki huko. Wakaanza kurushiana maneno. Mtu mmoja alimsukuma mwenzake kifuani. Midomo ilikuwa imepasuka, na watu wenye kiu hawana adabu.

Mama Tekura alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya ubao wake ili ampishe Ngarima.

Akaiti aliziangalia zile kamba zikifunguka. Alifikiri juu ya baba yake na ile ahadi. Akajua kwamba akisema, baba yake hatapanda chombo tena mpaka kufa. Na akijua hilo vizuri kabisa, alitembea hadi tezi.

"Mama," alisema, "waondoe wale ndege."

"Ndege gani?"

"Wale wawili. Hawakuwapo. Nilifumba macho."

Watu wa karibu walisikia kwanza, kisha wa mbali wakaambiwa. Mtu mmoja alitema mate baharini, ingawa hakuwa na mate ya kutema. Ngarima hakupiga kelele. Alicheka kidogo, kicheko kibaya, akasema, "Damu ya Teokotai. Niliwaambieni gatini." Tepaeru alisema afungiwe ngamani asionekane. Mwingine akasema hata maji asipewe.

Mama Tekura hakumkemea Akaiti, wala hakumtetea. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea kwenye mwanga, akamtazama kama anavyotazama mawingu.

"Ulifumba lini? Mwanzo wa sala au mwisho?"

"Katikati. Alipotaja macho ya baba."

"Kabla ya hapo, ulikuwa umefumbua kweli?"

"Nilifumbua."

"Ukaona nini?"

"Sikuona kitu, Mama."

"Hilo ndilo neno nililolihitaji jana," Mama Tekura alisema, akamwachia.

Akafunga kamba ya ubao wake upya, akakaa, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Alikuwa akiirudisha safari nyuma kichwani, akiutoa usiku mzima na nusu siku ya uongo, kama fundi anayefumua mshono uliokwenda kombo. Hakuna aliyesogea. Hata Ngarima alingoja. Alipofumbua, rubani alinyoosha mkono wake kule walikotoka, penye upepo wenyewe.

"Tunarudi," alisema. "Tutabisha."

Kukimbia na upepo ni starehe; kubisha ni adhabu. Chombo huenda mshazari kulia, kisha mshazari kushoto, kikipigana na kila wimbi ili kupata hatua chache za mbele. Maji yaliruka juu ya sitaha alasiri nzima. Kamba zilikata viganja. Maji ya kunywa yalishuka kutoka nusu kikombe hadi mafunda mawili. Na kila mtu aliyeumia, aliyelowa, aliyesikia kiu, alijua ni nani wa kumlaumu, na alimwambia.

Walimwachia Akaiti ngama zote mbili azifue peke yake. Alipopanda juu kupumzika, waliokuwa wamekaa waliinuka. Hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Ndege Wawili. Zamu ya kugawa maji ilipomfikia Tepaeru, aliliruka fungu la Akaiti na kuyarudisha mafunda yake dumuni, mbele ya macho yake. Hapo ndipo Mama Tekura aliposema mara ya kwanza tangu wageuze.

"Mpe. Maji ni ya Mungu, adhabu ni ya watu. Msivichanganye."

Tepaeru akampa, akihakikisha kwamba yamemwagika kidogo.

Jioni Ngarima alimtuma binti yake omo. Mama Tekura akasema hapana, Akaiti asimame. Ngarima alimwuliza kama kiu imemwingia akilini. Tepaeru hajawahi kudanganya katika zamu, alisema. Huyu amewadanganya jana tu.

"Aliyeungua ndiye anayejua moto uko wapi," Mama Tekura alijibu. "Asimame."

Akaiti alisimama. Sala ikasomwa. Alifumbua macho mpaka yakauma kwa chumvi, akazunguka upeo wote, akarudia. Bahari ilikuwa tupu.

"Umeona nini?"

Alijua watakavyomfanya. Akasema, "Sikuona."

Wakacheka na kumzomea. Sauti moja ikasema ndiyo kazi anayoiweza. Lakini Mama Tekura alisema tu, "Vema," akaendelea na njia ile ile, kwa sababu sasa alijua kwamba nchi bado iko mbali na kwamba hapaswi kugeuza mapema. Akaiti alishangaa. Lile neno aliloliogopa hata akawapoteza watu wote, lilikuwa limefanya kazi. Lilikuwa limeshika usukani.

Kesho yake walibisha tena, mchana wote, bila kusemezana. Dumu la mwisho lilipigwa kofi likatoa mlio wa utupu. Jioni ilipofika, Ngarima alisimama kuomba, midomo yake imekauka hata maneno yakawa yanakwaruza. Hakumsahau Akaiti. Alimwomba Bwana awahukumu wanaotumia saa yake takatifu kupotosha watu.

Maneno yaliingia palepale yalipoingia mara ya kwanza. Machozi yalipanda kwa njia ile ile. Lakini safari hii Akaiti aliyaacha yashuke. Yalimtiririka mashavuni, macho yakiwa wazi, na kama Tepaeru aliyaona, na ayaone.

Ndipo, kati ya mawimbi mawili, akaona kitu cheupe ambacho hakikuwa povu.

"Umeona nini?"

"Mmoja," Akaiti alisema. "Nadhani ni kakaia, kwa anavyopiga mabawa. Alitoka nyuma yetu, akapita mbali upande wa kulia wa omo, kuelekea jua linakochomoza. Alikuwa ananyoosha. Sikuona kama ana samaki mdomoni. Wimbi lilimficha, na lilipotulia sikumwona tena."

Ngarima aligeuka kwa Mama Tekura. "Mmoja tu. Na hata kama ana samaki, hajui. Na mwisho wake, hajui. Tutageuza chombo na watu wote hawa kwa hilo?"

"Kwa hilo hasa," Mama Tekura alisema. "Juzi aliniletea wawili wazima, hawakupungukiwa hata unyoya. Nilipaswa kushtuka. Uongo huja umekamilika, Ngarima. Ukweli huja na matundu yake."

Ngarima alimtazama rubani, akamtazama msichana, akatazama dumu lililolala tupu. Hakusema kwamba amekubali. Alikwenda mwenyewe kwenye kamba ya tanga na kuilegeza, na chombo kikageuka.

Walibisha hadi kulipokucha, wakaendelea. Jua lilikuwa limeanza kuchoma pale Tepaeru, aliyekuwa amekaa omo kwa hasira zake, aliposimama. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole tu. Mbele, juu ya maji, palikuwa na mstari mweusi kama nyusi, na walipopanda wimbi lililofuata mstari ule ukawa vichwa vya minazi.

Watu wengine walilia. Mmoja alianzisha wimbo wa kanisani kwa sauti iliyopasuka, wengine wakaudaka. Akaiti hakuimba. Alishuka ngamani, maana maji yalikuwa yamejaa.

Mashua zilitoka kijijini kuwapokea, na katika ya kwanza alikuwamo Teokotai, kifua wazi, amebeba madafu. Ufukweni wazee walikuwa wamekusanyika na mchungaji wa kanisa. Watu walipokwisha kunywa, Mama Tekura alisimama akasimulia safari, kwa kuwa ndiyo kazi ya rubani anapofika. Hakuficha kitu. Alisimulia dhoruba, akasimulia ndege wawili wasiokuwapo na jina la aliyewasema, akasimulia pia yule mmoja aliyekuwapo. Teokotai alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaiti alitamani mchanga ummeze.

"Baba," alimwuliza kwa sauti ndogo, "ile siku yako, wingu uliliona kweli?"

"Nililiona," baba yake alisema. "Nilidhani limesimama juu ya nchi. Nilikosea, mwanangu. Kila siku namwomba Mungu msamaha kwa ajili ya yule kaka wa Ngarima."

Mama Tekura aliwasikia, akaja. Ngarima alikuwa karibu, akikunja tanga, na rubani hakupunguza sauti ili asisikie.

"Nilikuahidi kwamba nitasema na wazee juu ya baba yako," alimwambia Akaiti. "Leo sitasema. Zamu moja uliiharibu, na watu hawa wameteseka. Lakini nikuambie jambo, nawe uwaambie watoto wenzako. Baba yako alikosea, wewe ulidanganya. Havifanani. Mtu anayekosea hukuonyesha alipokuwa amesimama, ukaweza kumrudisha njiani. Anayedanganya anakuondolea hata pale uliposimama wewe. Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Nchi kavu, labda. Baharini ni ndefu, na wote waliomo chomboni huitembea pamoja naye. Usipoona, sema hukuona. Hakuna aibu ndani yake. Aibu uliyoikimbia ilikuwa ya kitambo kidogo, ukaangukia ya siku nyingi."

"Na ile zamu nyingine?" Teokotai aliuliza.

"Ile ndiyo iliyotufikisha hapa. Nayo nimewaambia wazee." Alimgeukia Akaiti tena. "Maroro inarudi Rarotonga mwezi ujao. Kuna jioni nyingi njiani. Zisimamie zote kama ulivyosimama juzi na jana, na tukifika nitasema na wazee, na sitakuwa na neno la kuficha."

Ngarima alikuwa amemaliza kukunja tanga. Hakumtazama Teokotai, wala hakumwomba Akaiti msamaha kwa zile sala, na siku hiyo hakuna aliyetegemea. Aliokota upo uliokuwa kando ya tanga, akaurusha mchangani miguuni pa Akaiti.

"Ngama ya kushoto inavuja kuliko ya kulia," alisema. "Ukirudi chomboni, uanze na hiyo."

Akaiti aliuokota. Ngarima alikuwa amesema, ukirudi.

Jioni kengele ikalia, na kijiji kizima kikaingia kanisani kushukuru. Akaiti alikaa kati ya baba yake na Mama Tekura. Mchungaji akasema, tufumbe macho tuombe. Kwa mazoea, Akaiti alibaki amefumbua, akazungusha macho juu ya vichwa vyote vilivyoinama, kutoka dirisha hadi dirisha. Nje, juu ya minazi, kakaia walikuwa wakirudi kulala.

Alihisi mkono mzito ukimgusa goti. "Zamu imekwisha," Mama Tekura alinong'ona, yeye mwenyewe amefumba. "Sasa omba."

Akaiti akafumba macho.